Sauti ya Mbuzi

Jumanne, nyumbani Riruta

Nani angedhani Mwalimu Habili angeishia mikononi mwangu? Ndiye aliyenitoa kwenye kwaya mbele ya kanisa zima: "Mama Rasoa, hiyo ni sauti ya mbuzi anayepelekwa machinjioni Dagoretti." Watu walicheka. Nilicheka pia, lakini sikusahau.

Sasa yuko wodi yetu ya mahututi, mpira kooni, hawezi kusema. Daktari amesema hakuna tiba tena, ni mofini tu ya kutuliza maumivu. Na mofini naishika mimi. Saa ya sindano ilipofika nilisimama nayo mkononi. Nikimwacha angoje kidogo, nani atajua?

Nilimdunga kwa wakati. Ningejua mimi.

Ila kumsamehe, hapana. Nilivuta kiti nikamwimbia wimbo ule ule alionifukuzia, beti zote.

"Rasoa, utammaliza kabla ya siku yake!" akanong'ona Sista Mumbua, muuguzi mwenzangu.

Mwalimu alifumba macho. Kisha kidole chake kikaanza kugonga shuka, kinanihesabia mapigo. Nilikuwa nyuma ya mdundo, kama kawaida yangu.

Mjeuri yule! Kesho, akiamka, namwimbia tena. Kwa sauti ya juu.