Kidole Chini ya Mpira

Dada Mwaja,

Shikamoo, hata kama hutaki kuitikia. Nimefika Mkiwa kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye meno, tenga la jogoo ninayekuletea limefungwa nyuma yangu kwa mpira. Unanijua, siwezi kutulia. Niliuvuta ule mpira, ukagoma. Lakini kila shimo lilipotutikisa ulilegea kidogo wenyewe, nikachomeka kidole, haukubana tena.

“Unachokonoa nini huko nyuma?” dereva akauliza.

“Utafiti.”

“Jogoo akidondoka usinililie.”

Ni ile kazi yangu ya maabara. DNA huzungushwa kwenye protini kama mpira ule kwenye tenga, na palipobanwa seli haiwezi kupasoma. Nilidhani protini nyingine huja kuibandua kwa nguvu. Sasa nahisi husubiri ilegee yenyewe, zikajishikiza hapo, isijifunge tena. Natamani kurudi kupima leo hii.

Lakini Jumamosi naanzia kwako Kilimatinde. Najua umeapa hutanifungulia. Sitagonga. Utakapofungua kidogo kumwaga maji ya vyombo, mguu wangu utakuwa mlangoni.

Nakupenda hivyo hivyo ulivyonuna.

Mdogo wako, Sara