Kozi ya Mikono

Kilema

Dada Viktoria,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri. Upepo umeangusha migomba ya juu, na ng'ombe amezaa jike.

Uliniuliza kama nimechagua kozi ya kuokoa mgonjwa aliyesimama moyo. Nilitaka ile ya mtandaoni, ila matroni anasema cheti chake hospitali yetu haikitambui. Wanakubali ya Moshi mjini, ambako mkufunzi anakutazama ukikandamiza kifua cha mdoli. Nimejiandikisha. Nasikia mdoli huyo hutoa mlio ukimkandamiza vizuri. Mimi mlio huo nausikia hata nikimenya ndizi.

Uliwahi pia kuniuliza kwa nini niliacha kukandamiza kifua cha Baba kabla gari la hospitali halijafika. Mama alisikia ubavu ukilia, akanishika mikono. "Mwache, mwanangu. Unamvunja baba yako."

Leo nilipomweleza habari za mdoli na mlio wake, alitoka akaenda kaburini kwa Baba, kule mgombani. Alirudi na jani la masale amelifunga fundo, kama wafanyavyo wazee wetu wakiomba msamaha, akaniwekea viganjani.

Jani hilo halikataliwi. Nimelipokea kwa mikono ileile aliyoishika.

Mdogo wako,
Bernadetha