Mukebe Bila Kilima

Yaya Zawadi, jambo sana kwako na kwa mama,

Baridi ya Butembo inanipiga, mais roho inafurahi. Basoda, baaskari ba vita, balichoma viti za masomo kwenye ninafundisha, donc batoto banakaa chini kwa duara, banafundishana nusu na robo na mukebe ya maharagi. Kahindo, mukimbizi wa Kalunguta, tangu afike hakusema hata neno moja. Leo nikasawazisha maharagi na mukono, nikasema mukebe imejaa. Akanishika mukono: "Hapana, Mwalimu! Ku soko, mukebe bila kilima ya maharagi juu hapana jaa. Ikala chini, nikuonyeshe." Batoto bote bakapiga kelele ya furaha. Directeur wa masomo akaingia mbio na fimbo: "Banapigana?" Nikamujibu nikiwa chini pamoja nabo: "Hapana, directeur. Kahindo anatufundisha."

Mukumbatie mama sana, sana.

Mudogo wako, Albert