Jani la Sale Hadi Maji Moto

Jumatatu, 13 Aprili
Nimefungua kibanda saa mbili. Mtaani Kwa Mrombo tope tupu. Sare mbili nimemaliza, ya tatu nimekosea mkono, nikaifumua. Akili haiko kwenye cherehani. Upasuaji wa Mama ni Ijumaa saa nane mchana, na leo kakataa kutia sahihi. Kasema hapandi kitanda kile wakati watoto wake wawili hawasalimiani. Anataka kumwona Kaka Elibariki akiingia pale wodini, mimi nikiwa naye. Daktari anasema uvimbe hausubiri. Naogopa.

Jumanne, 14 Aprili
Nimempigia Kaka mara sita. Hapokei. Mwaka wa nne huu. Kosa ni langu, sina sababu ya kulipamba kwenye daftari langu mwenyewe. Aliposafiri, niling'oa masale, ile mimea ya mpaka kati ya shamba lake na langu, nikasogeza migomba yangu hatua mbili kwake. Alirudi, akatazama, hakufoka. Angefoka ningepumua. Akaondoka kwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya wageni ya maji moto, nyuma ya mlima huko, simu inashika kwa kubahatisha. Basi nimfuate. Nitafanyaje?

Jumatano, 15 Aprili
Nimekwenda shambani kutafuta jani la sale. Kwetu ukienda kuomba msamaha unabeba jani lililofungwa fundo, na anayeletewa halikatai. Kwenye mpaka wetu hamna hata moja. Si niliyang'oa yote? Nimeenda kuomba kwa jirani, Mama Neema. Kanitazama. "Wewe ndiye unatafuta sale?" Kanikatia, lakini hakunikaribisha chai.
Na Kaka akilikataa? Mama Neema anasema wapo waliowahi kukataa.

Alhamisi, 16 Aprili
Nimefika. 
Basi la asubuhi hupita ndani ya hifadhi. Katikati ya msitu tumenasa kwenye tope. Nyati kama ishirini kando ya barabara, wanatutazama. Kondakta: "Asishuke mtu." Saa nzima. Niliomba sala zote ninazozijua, nikaanza upya.
Mwisho wa basi nikachukua bodaboda. Kijana kanishusha kwenye korongo, kasema maji yamejaa, yeye havuki. Nimevuka kwa miguu. Maji ya magoti, yanavuta. Jani nimeling'ata kwa meno. Ng'ambo nikakuta kinyesi cha tembo, bado kina moto. Nilitaka kuimba wimbo wa kanisani nijipe moyo, nikaogopa tembo atasikia. Kilomita nne kwa miguu, sijapata kuogopa hivi, na huku nikijua ninayemwogopa zaidi yuko mbele.
Vyumba vinne vya mabati, bwawa linatoa mvuke. Kaka alikuwa anasugua ngazi za bwawa.
"Shikamoo, Kaka."
Hakuitikia, akaendelea kusugua. Nikapiga magoti pale pale kwenye mawe, nikamweleza habari ya Mama yote, jani nimelinyoosha. Limechakaa, lina alama za meno. Akalipokea. Akaingia nalo ndani.
Mama mwenye nyumba kanipa chumba, kaniambia nikaloweke miguu. Maji yanachoma vizuri. Kupokea jani si kusema atakuja.

Ijumaa, 17 Aprili
Asubuhi nimemkuta getini, begi mgongoni, kagunia kalicholowa mkononi. Korongo limepungua. Alitangulia, mimi nikakanyaga alipokanyaga yeye. Kwenye basi kakaa mbele, mimi nyuma.
Mama katuona tunaingia mlango mmoja. Kaomba kalamu.
Wamemwingiza saa nane. Sasa ni saa kumi na nusu, hakuna aliyetoka kutuambia kitu. Tumekaa benchi moja, kagunia katikati yetu. Nimechungulia. Miche mitano ya masale, ina mizizi na udongo wa kule bwawani.
"Utachimba wewe," kasema Kaka.
Nikasema nitachimba.
Nesi akapita, hakutuangalia. Halafu, mimi leo hata sijamsalimia, Kaka akasema taratibu, macho yakiwa mlangoni, "Marahaba."
Nimejifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mlango bado umefungwa.