Rangi Nyekundu kwenye Ukuta wa Masanja

Baba,

"Mpaka huu aliuchora Mzungu, na Mzungu hakukosea." Maneno hayo ameyasema Deo, mwanao wa kwanza, mbele ya mkutano wa kijiji. Akapigiwa makofi.

Hakukosea! Mjerumani alituandika watu wa boma la kule ziwani, na babu akatembea mpaka nyayo zikapasuka ili tu akalipe kodi. Mwingereza akatutia Jimbo la Magharibi, akamkatia kila mtemi kipande chake ili kodi ikusanywe bila usumbufu. Uhuru ulipokuja tukawa Tabora, baadaye Rukwa, leo Katavi. Mpunga wetu haukuhama hata shina moja. Lakini mstari wa wakusanya kodi ndio wanao wameugeuza urithi, na kwa mstari huo Masanja, mtani wako Msukuma, anaambiwa yuko "upande wa Wapimbwe", yaani upande wetu, ahame na ng'ombe wake.

Masanja, Baba! Yule aliyejilaza ndani ya kaburi lako siku tunakuzika, akagoma kutoka: "Mpimbwe huyu hazikwi mpaka nipewe jogoo! Alivyokuwa hai alininyima hata mchuzi!" Watu walicheka huku wanalia. Mama naye alicheka. Jogoo akaletwa, ndipo ukalazwa.

Wiki iliyopita Deo na wadogo zetu, Fidelis na Kasto, walikwenda kuipaka nyumba yake alama nyekundu ya kubomolewa. Mimi nilitoka kwangu mjini, Makanyagio, kwenda kuwazuia, bodaboda ikakwama kwenye tope, nikachelewa. Nilimkuta Masanja amesimama nyuma yao, anacheka. Alidhani ni utani.

"Pakeni na huku nyuma, watani! Mnanipamba nioe tena?"

Deo akachovya brashi tena, akaendelea kupaka. Nikaona kicheko kinamwisha usoni, kidogo kidogo.

Nimebishana na watu wakubwa kuliko Deo, Baba, na sijawahi kukosa neno. Pale nilitazama chini. Deo ana sura yako. Mimi pia nina sura yako. Na Masanja alikuwa anatutazama sote.

Lala salama. Nakuahidi barua hii nitaisoma kwa sauti Jumapili baada ya misa, uani kwako, wanao wote wakiwa wamekaa.

Na nyie, Deo, Fidelis na Kasto, mnaonisikia sasa: inukeni. Chukueni maji na brashi, mkaifute rangi ile kwa mikono yenu, mchana huu, watu wakiona. Bebeni jogoo. Mkifika, msimhutubie habari za mpaka. Mwombeni awatanie.