Mwashi wa Kitanda cha Nne

Dada yangu mpendwa,

Amani ya Bwana aliyefufuka iwe nawe, na iwe na shemeji na watoto wote wawili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba yale magoti uliyoniandikia habari zake mwezi wa kwanza yamepunguza matata. Usikae kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni bila kuinuka. Najua ukishapokea nguo ya bibi harusi huambiliki. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo kwa Kwaresima, lakini hilo ni la kila mwaka, tena ndugu yetu mpishi, tunayemwita Chumvi kwa sababu huisahau, hutusaidia kufunga hata siku zisizo za mfungo.

Ulinilalamikia kwamba siku hizi nakutumia kadi badala ya barua. Una haki. Leo nimejifungia kwenye chumba cha kukatia bandeji baada ya chakula cha mchana, na sitatoka mpaka nimalize. Nina jambo la kukueleza, na haliwezi kueleweka nisipoanzia mwanzo wake. Nakuomba ukae chini, uisome yote.

Hujawahi kufika hapa, kwa hiyo nikupe picha. Nyumba yetu ya wagonjwa ilikuwa ghala zamani. Ina vitanda vinane, madirisha yaliyo juu mno, na sakafu ya saruji ambayo tunaipiga deki mara mbili kwa siku. Wanaoletwa kwetu ni wale wenye vidonda visivyopona na wasio na mtu wa kuwaosha. Nesi huja asubuhi kutoa dawa, na kazi nyingine yote ni yetu sisi ndugu.

Siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu majirani walituletea mzee mmoja. Sukari ilikuwa imemla macho, akawa anaona mwanga na vivuli tu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kutoka kisigino hadi kifundo. Nikamwandika kwenye kitabu cha kupokea wagonjwa, nikampa kitanda cha nne. Kabla hajalala aliomba asogezwe ukutani. Akaupapasa kwa kiganja, taratibu, kama daktari anayepima tumbo, kisha akasema aliyepiga lipu hapa alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Wagonjwa wote walicheka. Alikuwa mwashi maisha yake yote, na tangu siku hiyo tukamwita Mwashi.

Mimi ndiye niliyekuwa namwosha. Kila asubuhi nilichemsha maji ya chumvi, nikayaacha yapoe, nikafungua bandeji safu kwa safu, na ile ya mwisho nililazimika kuilowesha kwanza kwa sababu ilikuwa imegandamana na nyama. Harufu yake sitakuelezea. Yeye hakulia hata siku moja. Aliniuliza tu kama chumbani kuna jua, na mimi nilimjibu ndiyo au hapana. Kwa wagonjwa wengine nina maneno mengi, wewe unanijua. Kwake nilikuwa bubu.

Mkuu wa nyumba yetu aliniomba mwaka huu nitoe tafakari za Kwaresima, kila Ijumaa saa kumi jioni, baada ya Njia ya Msalaba, palepale katikati ya vitanda. Sikufichi, nilifurahi kupita kiasi. Nilijiandaa kwa daftari. Ijumaa ya kwanza nilieleza jinsi baba yetu Mtakatifu Fransisko alivyokuwa akiwakimbia wakoma, akiziba pua, mpaka siku alipokutana na mmoja njiani, akashuka kwenye farasi, akambusu, na kilichokuwa kichungu kwake kikageuka kitamu. Nesi, ambaye siku hiyo alirudi jioni kusikiliza, alijifuta machozi. Mkuu akaniambia Mungu amenipa kipaji. Kesho yake asubuhi nilimwosha Mwashi mguu nikiwa nimegeuza uso.

Ijumaa ya pili nilizungumzia lile kanisa dogo lililobomoka, ambamo Fransisko alisikia sauti ya Msalaba ikimwambia atengeneze nyumba yake. Nikasema alibeba mawe kwa mikono yake. Mwashi akauliza kutoka kitandani kama huyo mtakatifu alikuwa na timazi ya kunyooshea ukuta au alijenga kwa macho. Nikamwambia vitabu havisemi. Akasema basi ukuta ulipinda, ila Mungu si mtu wa kukagua sana. Hata mkuu alishindwa kujizuia kucheka.

Ijumaa ya tatu ndiyo iliyonivunja. Nilisimulia siku Fransisko alipopelekwa na baba yake mzazi mbele ya askofu, akavua nguo zote alizokuwa amenunuliwa, akamrudishia, akasema kuanzia leo sina baba ila Baba yetu aliye mbinguni. Ni hadithi ninayoipenda kuliko zote. Nilipoingia shirikani, mlezi wa wanovisi, yaani wa sisi wapya, alipouliza habari za wazazi wangu, nilimjibu kwa maneno hayohayo, naye akayaona matamu. Basi siku hiyo niliihubiri kwa moyo wangu wote. Nilipomaliza, Mwashi akajiinua kwa viwiko, akauliza kwa upole kabisa, bila ubishi, "Na yule baba? Alirudije nyumbani, na nguo za mwanawe mkononi?"

Nilimjibu kwamba yule baba alipenda mali. Akasema inawezekana. Halafu akasema, "Lakini jioni ile lazima alikaa mahali na zile nguo," akalala tena.

Asubuhi yake, nikiwa nimeinama kwenye beseni, alianza kunisimulia mambo yake bila mimi kumuuliza. Alikuwa na mke na watoto wawili. Aliondoka kwenda kwenye kazi ya ujenzi ya miezi mitatu. Mwezi wa nne akapata pombe na mwanamke, na mwaka wa tatu akapata aibu, nayo aibu, alisema, ndiyo iliyomweka huko kuliko pombe na mwanamke. Kabla hajaondoka, mwanawe wa kike alikuwa akimpelekea chakula kazini, akisimama chini ya jukwaa na kumwita kwa filimbi ya vidole. Wa kiume alikuwa mdogo mno. Alisema anamkumbuka kwa uzito wake begani kuliko kwa sura. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuwatafuta. Akaniambia, "Bruda, nitamtafutaje mtu niliyemwacha, ili nimwonyeshe nini? Mguu huu?"

Dada, naamini kufikia hapa umeshamtambua. Ni yeye. Siku ile ya kwanza niliandika jina lake kwenye kitabu, na ni jina lile linalofuata langu kwenye cheti changu cha ubatizo. Nimekusimulia kama mtu baki kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoishi naye wiki zote hizo. Hapa mimi naitwa kwa jina la shirika, na yeye haoni. Hakuwa na namna ya kujua. Mimi nilijua tangu kalamu ilipogusa karatasi.

Alhamisi Kuu mkuu aliwaosha miguu wagonjwa sita, nami nilibeba beseni na taulo. Alipofika kitanda cha nne hakutaka kuigusa ile bandeji, akanipa ishara nifanye mimi. Kuosha niliweza, kwani ni kazi yangu ya kila siku. Lakini kwenye ibada ile, ukishaosha mguu, unaubusu. Niliinama, nikafika karibu kiasi cha kuhisi joto lake kwenye midomo, na sikuweza. Nikajifanya. Nikainua kichwa na kupangusa mdomo, na kila mtu akaamini, kwa sababu mimi ndiye niliyewahubiria habari za mkoma.

Ijumaa Kuu nilienda kuungama kwa padri wetu mzee, yule asiyesikia vizuri, nikalazimika kusema kwa sauti. Nilimwambia kuhusu mguu. Akauliza kama ni hilo tu. Ndipo nikamwambia lile lingine, ambalo sasa nakuambia wewe.

Baba hakufa. Mtu yule niliyekuambia nilikutana naye kwenye basi, fundi aliyedai alifanya kazi na baba na akamzika kwa mikono yake, hakuwepo. Nilimtunga. Nilimtunga njiani nikirudi nyumbani, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshampa hata kofia na kikohozi. Shemeji alikuwa amekuposa miaka mitatu, na wewe ulikuwa ukimrudisha kila mara kwa neno lilelile, kwamba huwezi kutolewa na mjomba ilhali baba yuko hai mahali fulani. Mama alikuwa ameshafariki. Nilikuwa naingia shirikani, na sikutaka kukuacha umekaa dirishani. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Iko nyingine, na padri aliitoa kwangu kwa kunyamaza tu: nilitaka afe. Wewe ulimlilia wiki mbili, ukamwombea Misa, na mimi niliimba kwenye ile Misa.

Padri alinipa maondoleo. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya juu ambayo nadhani hadi sakristia walisikia, kwamba Mungu ameshasamehe, ila dada yako bado hajaambiwa, na baba yako vilevile. Akaniambia kitubio changu hakina sala hata moja.

Jumapili ya Pasaka, Misa ilipokwisha na wagonjwa wengine wakiwa wametoka kukaa juani, nilibaki na yeye. Nilifungua bandeji. Nilimwambia jina langu la nyumbani, na lako, na la mama. Hakushtuka kama nilivyodhani. Alinyoosha mkono akautafuta uso wangu, akaupapasa kuanzia paji hadi kidevu, vilevile alivyoupapasa ukuta, na mara hii hakusema lolote kuhusu haraka ya fundi. Aliuliza habari za mama, nikamwambia. Akalia kidogo. Ndipo nikamwambia la uongo wangu pia, kwamba kwako yeye ni marehemu miaka kumi na moja. Nilisubiri anitukane, na nilikuwa tayari kutukanwa. Aliniuliza tu kama ulilia.

Nikasema ulilia sana.

Akasema, "Basi mpe pole. Mwambie baba yake anampa pole kwa msiba wake."

Nikainama nikaubusu mguu wake. Sikuhisi utamu wowote, dada, nisikudanganye tena. Ulikuwa mguu mgonjwa wa mtu niliyemchukia, na ninaendelea kujifunza kutomchukia, na kuna asubuhi ambazo bado nageuza uso. Nimemwomba mkuu ampe mwingine tafakari za mwaka ujao. Alikataa kwanza, nami nikamwambia yote, akakubali.

Daktari anasema mguu lazima ukatwe Jumatano ya wiki ijayo, na moyo wake si wa kuaminika. Hajaniagiza nikuite. Nilimuuliza, akasema hana haki hiyo, nami pia sina. Ukija, basi la asubuhi linakufikisha hapa kabla ya saa nane, na kitanda cha wageni kipo kwa masista jirani. Usipokuja, hakuna atakayekuuliza, si yeye wala mimi. Na kama hutataka kuiona sura yangu tena kwa muda, nitaelewa. Ulinilea kuanzia nina miaka sita, ukanifundisha kusoma kwa magazeti uliyokatia ramani za nguo, nami nilikulipa kwa kukuzikia baba aliye hai. Naomba unisamehe. Sikuharakishi.

Msalimie shemeji, na umsomee barua hii au usimsomee, kama utakavyoona. Nikumbuke kwenye sala zako hata kama utazisali kwa hasira. Na watoto wasalimie kwa upendo wote, na siku ukiona inafaa, waambie kwamba wana babu.

Mdogo wako akupendaye,
Bruda