Mashine ya Kukereza ya Mama Elia

Mama Elia,

Kuna jambo la mashine yako nililokuficha mpaka tukakuzika. Sasa pumzi inanikatika hata nikienda mlangoni tu, na sitaki kuja huko nalo.

Elia anataka nihamie kwake Singida. Nimechoka kubishana naye. Madereva wa malori kutoka Shelui bado wanapiga hodi na bushi zao za chuma zilizolika, wanakuulizia: "Mama fundi yupo?" Nawaambia hayupo. Wengine huchungulia uani, kisha huondoka.

Unakumbuka karakana ya serikali ilipouzwa, ukapunguzwa kazi, ukakataa kuachana na ile mashine ya kukereza vyuma? Kiinua mgongo chako chote kiliishia kuinunua. Tuliiviringisha juu ya magogo mpaka uani hapa Kiomboi, majirani wakicheka: "Wenzao wananunua ng'ombe!" Baadaye miguu ikaanza kuvimba, ukashindwa kusimama. Ndipo nikasema nitaifungia kompyuta, izungushe vishikio badala yako. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mwalimu, chaki haikati chuma."

Nilinunua kompyuta iliyotumika, nikang'oa mota kwenye mashine mbovu za kunakili karatasi. Umeme ukikatika, kompyuta inasahau kisu kiko wapi, naanza upya. Kila kipande nilikuletea kitandani. Hukukitazama, ulikipitishia ukucha wa dole gumba, ukanirudishia. "Skrubu ina ulegevu, Baba Elia. Rudi nyuma kupita alama, ndipo uje mbele. Mwambie huyo mwanafunzi wako." Nikaiandikia kompyuta hivyo hivyo.

Daktari alipotuambia moyo wako umechoka, ulimjibu, "Mimi siendi popote mpaka nisikie mashine inakata yenyewe." Daktari alicheka. Mimi maneno yale yaliniganda, mimi niliyefundisha fizikia maisha yangu yote.

Ulilazwa. Uliporudi uliuliza hata kabla ya kuketi, "Imekubali?" Nikasema bado. Ukauliza kesho yake, na kesho yake tena. Nami nikakuletea vipande vibovu, ukanifokea, ukanielekeza, ukadai uji ili upate nguvu ya kunifokea zaidi. Ah, mke wangu. Nyumba hii haijasikia sauti kama ile tena.

Mwishoni ulisema polepole, "Basi, Mwalimu. Tumejaribu." Ukageukia ukutani. Sikufungua mdomo. Ulikufa ukidhani kazi yetu imeshindikana.

Pumzika, mama. Elia akija Jumapili nitamwomba anishike mkono mpaka uani, niiwashe mashine, na dirisha la chumba chako nitaliacha wazi. Haitakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu; hilo Elia ameniahidi, nami nakuahidi wewe.

Vile vipande vibovu nilivikata kwa mkono, makusudi. Siku moja ulipokuwa hospitali, mashine ilikata bushi nzima yenyewe, mwanzo hadi mwisho, nami nimesimama mlangoni, mikono mfukoni.